Dawa za kusukutua: Kati ya mitishamba na kemikali, ipi huwaweza bakteria wa kinywa?

KATIKA duka la dawa la kawaida jijini Nairobi, Mombasa au Kisumu, rafu ya bidhaa za meno hupambwa kwa chupa za rangi ya samawati, kijani na waridi. Baadhi zimeandikwa majina ya kemikali ambayo mnunuzi hawezi hata kuyatamka. Nyingine zimechorwa majani ya mwarobaini, karafuu au mnanaa, na hunadiwa kuwa ni za asili tupu.

Hatua chache kutoka dukani humo, kando ya barabara au karibu na mlango wa msikiti, huenda akapatikana mchuuzi wa vijiti vya mswaki vilivyofungwa mafungu mafungu. Nyumbani nako, nyanya au shangazi atashauri maji ya chumvi, au majani ya mwarobaini yaliyochemshwa yakapoa.

Anayetaka kukilinda kinywa chake hubaki njia panda. Je, anunue dawa ya kemikali ambayo madaktari huitaja mara kwa mara, au ashike ile ya mitishamba ambayo huaminika kwamba haina madhara?

Swali hili si la mzaha. Ripoti ya uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya ya kinywa, iliyotolewa mwaka wa 2015, ilionyesha kuwa karibu watu wazima wote waliochunguzwa humu nchini walikuwa na fizi zinazotokwa damu. Kutokwa damu huko ndiyo dalili ya mwanzo ya maradhi ambayo, yasipodhibitiwa, huishia kwa kung'oka meno.

Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi unaonyesha kwamba pande zote mbili za ubishi huu zina hoja. Hata hivyo, unaonyesha pia kwamba kemikali na mitishamba hushindwa mahali pamoja, na asiyepajua mahali hapo atamaliza chupa baada ya chupa huku fizi zake zikizidi kuoza.

Wakazi wa kinywa

Wanasayansi wametambua takriban aina 700 za bakteria wanaoweza kuishi katika kinywa cha binadamu, ingawa mtu mmoja huwa na sehemu tu ya hao. Wengi hawana madhara yoyote. Baadhi yao hata ni walinzi, kwa kuwa huwanyima nafasi wageni waharibifu.

Tatizo huanza bakteria wanapojikusanya juu ya jino na kujitandazia utando laini, wenye kunata, ambao Waswahili tangu jadi huuita ukoga. Saa chache tu baada ya jino kusafishwa, bakteria wa kwanza huwa wamekwisha kulishika. Wengine huwafuata, na kwa pamoja hutengeneza ute mzito unaowafunika mithili ya paa la nyumba.

Ndani ya ukoga huo, bakteria kama vile Streptococcus mutans huigeuza sukari kuwa asidi inayolitoboa jino. Wengine, mathalan Porphyromonas gingivalis, hujificha penye mpaka wa jino na ufizi ambako oksijeni ni haba, na kuuchokoza ufizi hadi ukavimba na kutoka damu.

Ukoga ukiachwa, madini yaliyomo katika mate huufanya kuwa mgumu kama jiwe. Hapo hakuna mswaki wala dawa ya kusukutua iwezayo kuubandua. Hiyo huwa kazi ya mtaalamu wa meno na vyombo vyake.

Ufizi nao huanza kuachana na jino, mfuko ukatokea kati yake, na mfupa unaolishikilia jino ukaliwa polepole. Mwishowe jino hulegea. Haya yote yanaweza kutendeka bila maumivu makali, na ndiyo sababu wengi hufika kwa daktari wakiwa wamechelewa.

Siki ya Mholanzi

Kwamba dawa ya maji hushindwa kuupenya ukoga si habari mpya. Mtu wa kwanza kuwaona bakteria wa kinywa, Antonie van Leeuwenhoek, aliligundua jambo hilo zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, aliyependa kujitengenezea hadubini. Mnamo Septemba 1683, aliiandikia Royal Society ya London barua akieleza alichokiona katika ukoga aliouchokoa kati ya meno yake. Aliona vidudu vidogo ajabu, vikitembea kwa madaha, ilhali yeye alikuwa na desturi ya kuyasugua meno yake kwa chumvi kila siku.

Baadaye aliweka siki kali kinywani na kusukutua, kisha akauchunguza tena ukoga wake. Vidudu vilikuwa bado hai. Lakini alipovitoa nje na kuvichanganya moja kwa moja na siki, vilikufa papo hapo.

Mholanzi huyo alihitimisha kuwa siki ina nguvu ya kuua, ila haikupenya hadi ndani ya ukoga. Uamuzi wake huo ndio kipimo kinachofaa kutumiwa hadi leo kwa kila dawa ya kusukutua, iwe ya kiwandani au ya msituni. Haitoshi kwamba dawa huua bakteria katika kijisahani cha maabara. Sharti iwafikie walipo, ikae nao kwa muda wa kutosha, na isimdhuru mwenye kinywa.

Kemikali iliyo mbele ya nyingine

Mwaka wa 1965, Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio lililobadilisha fikra za madaktari wa meno. Watu 12 wenye fizi nzima waliombwa waache kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21, fizi za wote zilikuwa zimevimba. Walipoanza tena kuyasafisha, zilipona.

Miaka mitano baadaye, mnamo 1970, Löe na mwenzake Schiött walionyesha jambo jingine. Watu walioacha kupiga mswaki, lakini wakasukutua mara mbili kwa siku na maji yenye klorheksidini ya kiwango cha asilimia 0.2, hawakupata ukoga wala uvimbe wa fizi.

Tangu hapo, klorheksidini imekuwa ndiyo kipimo ambacho dawa nyingine zote hulinganishwa nacho. Siri yake haiko katika ukali wa kuua peke yake, maana zipo kemikali nyingi zinazoua bakteria. Siri iko katika kung'ang'ania.

Chembe za klorheksidini zina chaji chanya ya umeme, ilhali ngozi laini ya kinywa, uso wa jino na kuta za bakteria zina chaji hasi. Kwa hivyo dawa hiyo hunata humo, kisha ikajiachilia kidogo kidogo kwa muda unaoweza kufika saa 12. Mtu akisukutua asubuhi na jioni, kinywa chake huwa chini ya ulinzi karibu siku nzima.

Mwaka wa 2017, shirika la Cochrane, ambalo hukusanya na kuchuja tafiti za tiba kutoka pande zote za dunia, lilichapisha tathmini ya tafiti 51 zilizowahusisha watu 5,345. Ilibainika pasi na shaka kuwa klorheksidini, ikitumiwa pamoja na kupiga mswaki kwa wiki nne hadi sita au zaidi, hupunguza ukoga kwa kiasi kikubwa.

Hata hivyo, kwa watu ambao fizi zao zilikuwa zimevimba kidogo tu, nafuu iliyoongezeka kwenye fizi zenyewe ilikuwa ndogo. Isitoshe, tathmini hiyo haikupata ushahidi wa kutosha kuhusu walio na uvimbe mkubwa zaidi.

Dawa hiyo ina kasoro ambazo hazifichiki. Hutia meno na ulimi madoa ya rangi ya hudhurungi, huvuruga ladha ya chakula kwa muda, na huweza kuongeza ukoga mgumu. Madoa hayo huzidi kwa wanywaji wa chai na kahawa, jambo ambalo Mkenya aliyezoea chai ya asubuhi, ya saa nne na ya jioni anafaa kulizingatia. Aidha, ingawa ni nadra, wapo watu wanaopatwa na mzio mkali wanapoitumia.

Kwa sababu hizo, madaktari wa meno aghalabu huipendekeza kwa muda mfupi, mathalan wiki mbili baada ya upasuaji wa kinywa, au kwa mgonjwa asiyeweza kushika mswaki. Si dawa ya kuwekwa bafuni mwaka mzima.

Kemikali nyingine inayopatikana katika chupa nyingi za madukani ni setilpiridini kloridi. Nayo hushambulia kuta za bakteria, lakini haing'ang'anii kinywani kwa muda mrefu kama klorheksidini. Matokeo yake ni ya wastani, na uwezekano wa kutia madoa ni mdogo zaidi.

Floridi, ambayo pia hutiwa katika baadhi ya dawa hizi, ina kazi tofauti. Lengo lake kuu ni kuliimarisha jino dhidi ya asidi. Anayeinunua kwa ajili ya fizi zinazotokwa damu huwa amekosea chupa.

Mpaka usionyooka

Wanaogawa dawa hizi katika mafungu mawili, la asili na la kemikali, husahau kuwa mpaka wenyewe haujanyooka. Listerine, ambayo wengi huihesabu kuwa kielelezo cha dawa za kiwandani, ni mfano mzuri.

Dawa hiyo ilitengenezwa na Joseph Lawrence katika mji wa St. Louis, Marekani, mwaka wa 1879, na ikapewa jina la Joseph Lister, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyehimiza usafi wa vidonda. Viungo vyake vinne vikuu asili yake ni mimea. Kuna thimoli inayopatikana katika kiungo cha thaimu, yukaliptoli ya mkaratusi, mentholi ya mnanaa, na methili salisilati ambayo hupatikana katika mmea mmoja wa kaskazini mwa dunia.

Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa mchanganyiko huo wa mafuta ya mimea hupunguza ukoga na uvimbe wa fizi ukitumiwa kwa miezi kadhaa pamoja na mswaki. Haufikii klorheksidini katika kuuzuia ukoga, lakini hautii madoa kwa kiwango kile. Huo ni ushahidi kuwa mmea unaweza kutoa dawa ya kutegemewa, mradi kipimo chake kijulikane na kisibadilike.

Mwili hauulizi kama chembe iliyomo kinywani ilitoka kwenye jani au kwenye pipa la kiwandani. Huuliza ni chembe gani, ni kiasi gani na imekaa kwa muda gani.

Mswaki, mwarobaini na karafuu

Katika mimea inayotumiwa humu nchini, mswaki ndio ulio na historia ndefu zaidi. Mti huo, ambao wanasayansi huuita Salvadora persica, na ambao Waturkana huuita esekon, humea katika maeneo makavu ya kaskazini na pia pwani. Jina lake ndilo lililokuja kupewa hata mswaki wa plastiki, na hilo pekee laonyesha ni kipi kilichotangulia katika kinywa cha Mswahili.

Kijiti hicho hufanya kazi mbili kwa pamoja. Nyuzi zake husugua na kuuvunja ukoga, huku utomvu wake ukiwashambulia bakteria. Mwaka wa 2011, watafiti wakiwemo wa taasisi ya Karolinska ya Sweden walionyesha kuwa mizizi ya mti huo ina benzili isothiosianati, kemikali inayowaua kwa kasi baadhi ya bakteria wa maradhi ya fizi.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1990, watafiti Homer, Manji na Beighton walichapisha matokeo kuhusu mimea inayotumiwa Kenya kama mswaki. Waligundua kuwa maji ya mimea hiyo huvizuia vimeng'enya ambavyo bakteria wa fizi huvitumia kuharibu nyama ya ufizi. Hilo ni jambo kubwa, kwani bakteria aliyenyang'anywa silaha hana madhara makubwa hata kama hajafa.

Mwarobaini, ambao jina lake latokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini, ndio uliojaribiwa zaidi kama dawa ya kusukutua, hasa nchini India. Majaribio kadhaa ya huko yaliulinganisha na klorheksidini kwa wiki chache, na baadhi yakaona kuwa ukoga na uvimbe wa fizi ulipungua kwa viwango vinavyokaribiana.

Karafuu, zao lililoipa Zanzibar umaarufu, ina yujinoli, kemikali inayoua bakteria na kutuliza maumivu. Madaktari wa meno wenyewe huitumia, ikichanganywa na unga wa zinki oksidi, kuziba jino kwa muda. Chai ya kijani nayo ina katekini, ambazo katika tafiti mbalimbali zimeonekana kuwapunguza bakteria wa kinywa kwa kiasi.

Ama maji ya chumvi, ambayo si mitishamba ingawa huwekwa katika fungu hilo, kazi yake kubwa ni kusafisha na kutuliza. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu humfaa mtu aliyeng'olewa jino, kuanzia siku ya pili. Hata hivyo, chumvi hiyo haikai kinywani, na kwa hivyo haiwezi kuchukua nafasi ya dawa inayonata.

Ugumu wa kulinganisha

Msomaji anaweza kuuliza, iwapo mwarobaini umekaribia klorheksidini katika majaribio, mbona madaktari wangali wanasitasita?

Sababu ya kwanza ni udogo wa majaribio yenyewe. Mengi yalihusisha watu wachache, yakachukua siku au wiki chache, na mara nyingine wahusika waliweza kutambua kwa ladha tu ni dawa gani waliyopewa. Maradhi ya fizi huchukua miaka kukomaa, na nafuu ya wiki tatu haitoshi kutabiri hali ya jino baada ya miaka kumi.

Sababu ya pili ni kipimo. Chupa ya klorheksidini hutaja kiwango chake. Mililita 10 za asilimia 0.2 hutoa miligramu 20 za dawa, na mililita 15 za asilimia 0.12 hutoa miligramu 18, iwe chupa ilinunuliwa Lamu au Busia.

Majani ya mwarobaini hayana lebo. Jirani mmoja atachemsha konzi moja ya majani kwa dakika tano, mwingine konzi tatu kwa nusu saa. Majani machanga hutofautiana na makavu, na ya msimu wa mvua si sawa na ya kiangazi. Hivyo basi, hata jaribio la India likifaulu, halithibitishi kuwa sufuria ya jikoni Kilifi itatoa matokeo yale yale.

Sababu ya tatu ni uhifadhi. Maji ya majani yaliyochemshwa na kuwekwa kwenye jagi kwa wiki nzima bila kihifadhi huweza kuota kuvu na bakteria wapya. Mtu atakuwa akisukutua vijidudu kwa vijidudu.

Haya hayamaanishi kuwa mitishamba ni bure. Yanamaanisha kuwa ushahidi wake ni mwembamba zaidi, na kwamba bidhaa moja ya mwarobaini ikifaulu, nyingine yenye picha ya jani lile lile haipati sifa hiyo kwa urithi.

Kwa kifupi, ulinganisho wa haki ni huu. Pale inapohitajika nguvu ya hakika kwa muda mfupi, klorheksidini bado haijapata mshindani aliyethibitishwa kwa kiwango sawa. Kwa matumizi ya kila siku ya mtu mwenye fizi zenye afya, bidhaa ya mafuta ya mimea iliyopimwa inaweza kumfaa, na kijiti cha mswaki kikitumiwa ipasavyo huweza kushindana na mswaki wa plastiki. Dawa ya kuchemsha nyumbani huja mwisho kwa uthabiti, ijapokuwa huja kwanza kwa unafuu wa bei.

Si kila bakteria ni adui

Kuna jambo jingine ambalo matangazo ya kuua asilimia kubwa ya bakteria hayalisemi. Baadhi ya bakteria wanaoishi juu ya ulimi huufanyia mwili kazi muhimu.

Mboga za majani, zikiwemo mchicha na sukuma wiki, zina naitreti. Bakteria wa ulimi huigeuza kuwa naitraiti, ambayo mwili huitumia kutengeneza gesi inayolegeza mishipa na kusaidia kushusha shinikizo la damu.

Mwaka wa 2013, watafiti wa London waliwapa watu 19 wenye afya dawa ya klorheksidini wasukutue kwa siku saba. Shinikizo lao la damu lilipanda kwa kiasi cha milimita mbili hadi tatu na nusu za zebaki. Si ongezeko la kutisha kwa mtu mmoja, na jaribio lenyewe lilikuwa dogo, lakini lilionyesha kuwa kufagia bakteria wote bila kubagua kuna gharama yake.

Kwa maana hiyo, udhaifu wa mitishamba huenda mara nyingine ukawa faida, kwani dawa isiyoua kila kitu huwaachia nafasi wakazi wema. Hata hivyo, dawa yoyote, ya majani au ya kiwandani, ikiwa na makali ya kutosha haichagui rafiki na adui.

Usalama kwanza

Imani kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru imewaponza wengi. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa huunguza ufizi. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Kijiti cha mswaki kinachosuguliwa kwa nguvu huusukuma ufizi nyuma na kuacha mzizi wa jino wazi, na wanaokitumia mara nyingi huyasahau meno ya nyuma na upande wa ndani.

Watoto wa chini ya miaka sita hawafai kupewa dawa ya kusukutua isipokuwa kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa huimeza. Katika maeneo ya Bonde la Ufa, ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi na watoto huota meno yenye madoa ya kahawia, wazazi wanapaswa kuwa waangalifu zaidi kuhusu bidhaa zenye madini hayo.

Baadhi ya dawa, zikiwemo zenye mafuta ya mimea, huwa na alkoholi nyingi. Huwasha vidonda na huenda zikamkera mwenye kinywa kikavu. Asiyetaka alkoholi kwa sababu za kiafya au za kidini anafaa kusoma lebo, kwani siku hizi zipo nyingi zisizo nayo.

Kuhusu bidhaa zisizo na lebo inayoeleweka, mnunuzi anafaa kujihadhari. Chupa isiyotaja viungo, kiwango, tarehe ya kuharibika na mtengenezaji haistahili kuingia kinywani, hata kama imechorwa majani mabichi kiasi gani.

Jinsi ya kutumia

Kwa kuwa ukoga ndio ngome, kazi ya kwanza ni kuuvunja kwa kusugua. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floridi, na nafasi kati ya meno isafishwe kwa uzi maalumu. Kusukutua huja baada ya hayo, kama nyongeza.

Anayetumia klorheksidini asiifuatishe mara moja baada ya kupiga mswaki. Sabuni iliyomo katika dawa nyingi za meno huidhoofisha, hivyo asubiri angalau nusu saa. Hata dawa nyingine za kusukutua ni heri zitumiwe wakati tofauti, ili zisiondoe floridi iliyobaki kwenye meno. Dawa hukaa kinywani kwa sekunde 30 hadi dakika moja, kisha hutemwa.

Mwenye harufu mbaya ya kinywa asikimbilie chupa pekee. Katika miaka ya 1920, matangazo ya Marekani yalifanikiwa sana kuuza dawa za kusukutua kwa kuwatia watu hofu ya harufu hiyo, na tangu hapo wengi hudhani kuwa kinywa kinachonukia ni kinywa chenye afya. Harufu nyingi hutoka nyuma ya ulimi au ndani ya fizi zinazougua. Kuufunika uvundo kwa mnanaa ni sawa na kupaka rangi ukuta unaoliwa na mchwa.

Hapo ndipo ilipo hatari kubwa kuliko uchaguzi wa chupa. Mtu hutokwa damu anapopiga mswaki, akaogopa na kuacha kusugua sehemu hiyo, kisha akategemea kusukutua. Ukoga huzidi, na mfuko kati ya jino na ufizi huenda chini mahali ambapo maji ya kusukutua, ya kiwandani au ya majani, hayafiki.

Fizi zinazoendelea kutokwa damu kwa zaidi ya wiki mbili licha ya kusafishwa vyema, jino linalolegea, usaha, au kidonda cha kinywa kisichopona katika wiki tatu ni mambo ya kupelekwa kwa daktari wa meno bila kuchelewa. Wenye kisukari hawana budi kuwa wepesi zaidi, kwa sababu maradhi hayo mawili huchocheana. Sukari nyingi katika damu huzidisha uharibifu wa fizi, na fizi zinazougua hufanya sukari iwe vigumu kudhibiti.

Atakayerejea kwenye ile rafu ya dukani, basi, asiulize tu kama dawa ni ya mitishamba au ya kemikali. Aulize ina nini, kiasi gani, ni ya kutumiwa kwa muda gani na ni kwa tatizo lipi. Na kabla ya kufungua kifuniko, aushughulikie ukoga kwa mswaki, uwe wa plastiki au wa mti.